Bibi, mchungwa na kamera ya Mrusi

Ndugu msomaji, nikiri mapema kabla hujanipa sifa nisizostahili: mimi si mpiga picha. Mimi ni mwandishi wa habari, kazi yangu ni kalamu na daftari, na picha za habari zangu hupigwa na wenzangu wenye kamera za maana. Lakini kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa na ugonjwa mmoja ambao wenzangu wa chumba cha habari wanaucheka sana. Ugonjwa wenyewe unaitwa kamera ya mkanda.

Wengi wenu mmeikuta. Ile kamera ambayo unapiga picha halafu huoni kitu, unasubiri mkanda uishe, unaupeleka studio kusafishwa, unarudi baada ya siku mbili tatu kuambiwa kwamba nusu ya picha zimeungua. Kwa nini mtu mwenye akili timamu, mwenye simu mfukoni inayopiga picha elfu moja bure, arudi huko? Swali zuri. Na mimi nimejiuliza mara nyingi, hasa tangu Machi 2023, na leo nataka kuwaeleza kwa nini.

Yote yalianza kwa baba mdogo. Yeye ni wa kizazi kile kilichopelekwa kusoma uhandisi Urusi enzi hizo ikiitwa Umoja wa Kisovieti, akarudi na shahada, koti zito ambalo Dar es Salaam halina kazi, na kamera aina ya Zenit-E. Kamera hii ilianza kutengenezwa mwaka 1965 katika kiwanda cha Krasnogorsk, karibu na Moscow, na zilitoka kwa mamilioni. Ukiishika mara ya kwanza unadhani umeshika tofali. Ina uzito wa karibu kilo moja, chuma kitupu. Spidi zake ni tano tu, kuanzia sehemu moja ya 30 ya sekunde hadi sehemu moja ya 500, ukiacha ile alama ya B ambayo inaacha mlango wazi kadiri unavyobonyeza. Haina betri. Kipima mwanga chake kinatumia madini ya seleniamu, yaani mwanga wenyewe ukiyapiga yanatoa umeme kidogo wa kusukuma sindano. Kwa nchi ambayo tumezoea umeme kukatika, nilikipenda kipima mwanga hiki kabla hata sijapiga picha moja.

Baba mdogo aliitoa kwenye sandarusi, chini ya nguo zenye harufu ya nafthalini, akanipa. "Wewe ndiye mtu wa habari," alisema, kana kwamba anamkabidhi mtu mkuki wa ukoo. Lenzi ilikuwa imeota ukungu, maana joto na unyevu wa pwani havina huruma. Nikaipeleka kwa fundi saa mmoja Kariakoo ambaye hakuwahi kufungua kamera maishani mwake. Aliiangalia kwa dakika kumi bila kusema neno, kisha akasema, "Hii ni saa kubwa tu." Akaifungua, akaisafisha, akairudisha. Inafanya kazi mpaka leo.

Baada ya hapo ndipo wazimu ulipoanza. Mikanda ya rangi nyeusi na nyeupe niliagiza kupitia marafiki wanaosafiri, na mkanda mmoja wa Ilford HP5, ukiweka na gharama za kuufikisha, ulizidi nauli yangu ya basi kwenda Muheza na kurudi. Kwa hiyo kila nikibonyeza nasikia pochi inalia. Halafu nikagundua kwamba hata studio ninazozijua mjini zimeachana na habari za mikanda, mashine zimeuzwa vyuma chakavu, na mzee mmoja akaniambia kwa upole kwamba nimechelewa miaka kumi na tano.

Nikasoma mtandaoni kwamba mkanda mweusi na mweupe unaweza kusafishwa kwa kahawa. Msicheke. Jambo hili liligunduliwa mwaka 1995 darasani katika chuo cha teknolojia cha Rochester, Marekani, mji uleule ambao Kodak ilizaliwa. Si kafeini inayofanya kazi hiyo, ni asidi nyingine iliyomo ndani ya kahawa. Kwa lita moja ya maji unaweka gramu 40 za kahawa ya unga, ile inayoyeyuka yenyewe, gramu 54 za magadi makavu ya kufulia na gramu 16 za vitamini C. Unasubiri dakika 15, maji yakiwa nyuzi 20. Sasa niambie, nyuzi 20 Dar es Salaam utazipata wapi? Nilinunua barafu kwa mama anayeuza samaki. Aliuliza nina sherehe gani. Nikamwambia nasafisha picha, akaniongezea kipande kimoja bure, nadhani kwa kunihurumia.

Harufu ya mchanganyiko huo sitaieleza. Mwenye nyumba alikuja mlangoni kuuliza kama kuna kitu kimekufa. Lakini mkanda ulipotoka, baada ya kuutia fiksa ambayo rafiki alinibebea kutoka Nairobi, nikauinua kwenye taa ya bafuni na kuona vijitu vidogo, weusi wakiwa weupe na weupe wakiwa weusi... Jamani. Kahawa ya Bukoba ilikuwa imetoa daladala ya Mbagala. Sikulala usiku ule.

Wenzetu huko nje wana kundi zima la watu wa aina hii. Wanafunzi fulani wa Vienna waliokota kamera ya Kirusi aina ya Lomo mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakapenda picha zake zenye kingo nyeusi na rangi zilizopagawa, na kufikia 1992 walikuwa wameanzisha jumuiya ambayo leo ni biashara ya dunia nzima. Kodak, ambayo mhandisi wake Steve Sasson ndiye aliyeunda kamera ya dijitali mwaka 1975, ilikwenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika Januari 2012 kwa sababu ya dijitali hiyohiyo. Halafu angalia maajabu: mwaka 2018 ikarudisha sokoni mkanda wake wa Ektachrome, na mwaka 2024 Pentax ikatoa kamera mpya kabisa ya mkanda. Kwa hiyo si mimi peke yangu niliyerogwa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Katika majaribio yote, lililonivutia zaidi ni kupitisha mkanda mmoja mara mbili. Unapiga picha zako 36, unaurudisha mkanda lakini unaacha ulimi wake nje, unaupakia tena palepale ulipoweka alama kwa kalamu, kisha unapiga picha nyingine 36 juu ya zile za kwanza. Ukitaka ziende sawa, kila mara unapunguza mwanga hatua moja, maana mkanda hausahau kitu. Unajumlisha tu. Palipopigwa na mwanga mkali mara ya kwanza pameshajaa, huwezi kuandika tena. Palipokuwa na giza ndipo picha ya pili inapopata nafasi ya kukaa.

Desemba 2022 nilikwenda Muheza kwa bibi, mama yake baba, kula Krismasi. Muheza ni nchi ya machungwa, na shamba la bibi lina michungwa ambayo mingine ni mizee kuliko baba yangu. Nikapata wazo ambalo niliona ni la kifalsafa kabisa: asubuhi nipige matawi ya michungwa nikiwa nimeyaelekeza angani, jioni nipige watu wa nyumbani juu ya matawi hayo. Watu na miti yao katika picha moja. Ukoo na ardhi. Nilishaanza hata kuandika kichwa cha maonyesho kichwani mwangu. Na ili nisijidanganye kwa njia ya mkato, nikajiwekea sharti: siku hiyo simu ni marufuku, inakaa kwenye begi.

Jioni nikamwita bibi nje. Aliponiona na ile kamera akasema, "Subiri, mume wangu." Ndivyo alivyoniita siku zote, mnajua utani wa bibi na wajukuu. Akaingia ndani. Akakaa huko muda mrefu hadi nikaanza kuogopa jua litazama. Alipotoka alikuwa amebadili nguo, amevaa kitenge kipya alicholetewa na shangazi, amefunga kilemba vizuri, na shingoni ana shanga ambazo sikuwahi kuziona. Akaketi kwenye kiti, akanyoosha mgongo, akaweka mikono yote miwili juu ya magoti, akaitazama lenzi bila kucheka. Pozi la studio. Lile lililomo katika picha zote za zamani ukutani kwa wazee wetu.

Nilipiga mara nne. Nikafurahi sana. Sikuona kabisa kile ambacho bibi alikuwa ananiambia kwa ule mgongo ulionyooka.

Februari nikarudi na picha. Kwa upande wa ufundi zilifanikiwa kupita nilivyotarajia. Anga lililokuwa kati ya majani lilikuwa limejaza mkanda asubuhi, kwa hiyo kila penye uwazi palitoka peupe kabisa. Sura ya bibi ilionekana pale tu palipokuwa na jani. Jicho moja lilikuwa ndani ya jani. Nusu ya mdomo ndani ya jani jingine. Kitenge kilikuwa matundu matupu. Wenzangu wa Dar niliowaonyesha walikuwa wamesema ni kazi ya kimataifa.

Bibi aliigeuza kushoto, akaigeuza kulia. Akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Mimi niko wapi hapa?"

Nikaeleza. Ukoo, ardhi, michungwa. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa heshima aliyonizidi nayo siku zote. Halafu akasema, "Sawa, mume wangu. Ile yenyewe utaniletea lini?"

Ile yenyewe! Kwake hii ilikuwa mchezo wa mjukuu, na picha yenyewe ilikuwa bado inakuja. Nikamwahidi Pasaka. Mwaka ule Pasaka iliangukia Aprili 9. Bibi alifariki wiki tatu kabla.

Kwetu ni Waanglikana, na mnajua taratibu. Anayebeba msalaba anatangulia, na anayebeba picha ya marehemu anafuata, kisha jeneza. Usiku ule ikatafutwa picha. Binamu zangu wakafungua simu zao. Kulikuwa na bibi pembeni ya keki ya ubarikio wa mtu mwingine, bibi amekatwa nusu, bibi amefunikwa na mkono wa mtoto. Simu ya zamani ya dada yangu iliyokuwa na picha zake nzuri ilishaibwa Ubungo. Watu wote wakanigeukia mimi. Mtu wa habari. Mtu wa kamera. Nikaitoa ile picha yangu ya kimataifa kwenye begi, nikaiweka mezani, na hakuna aliyesema neno.

Asubuhi binamu alichukua kitambulisho cha taifa cha bibi, akaenda nacho kwenye duka la stesheneri mjini Muheza, wakaikuza ile sura ndogo hadi ukubwa wa karatasi ya A4. Ilitoka kama imepigwa kwenye ukungu. Ndiyo iliyotangulia jeneza. Nyuma yangu nilimsikia shangazi akisema polepole, si kwa kunisema, nadhani alikuwa anajisemea tu: "Mwandishi mzima katika ukoo, na mama anazikwa na picha ya kitambulisho."

Sikugusa kamera kwa miezi mitatu.

Katika miezi hiyo nilifikiri sana, na nikasoma. Nilisoma jinsi mikanda ya rangi ilivyotengenezwa kwa miaka mingi ikipimwa kwa sura ya mwanamke mweupe. Maabara za picha zilikuwa na kadi maalumu ya kurekebishia rangi, ikiitwa kadi ya Shirley, na Shirley huyo alikuwa mzungu. Sura nyeusi zikawa zinatoka giza, macho na meno tu, na ilichukua miongo kabla ya watengenezaji kulishughulikia. Nikasema moyoni, mwenzetu alifutwa na kiwanda, lakini bibi yangu amefutwa na mjukuu wake mwenyewe, tena kwa makusudi, tena akijisifu.

Halafu nikajiuliza kama basi majaribio yenyewe ndiyo kosa, kama picha ya heshima lazima iwe ya mgongo ulionyooka. Hapo jibu likawa gumu zaidi, maana watu wetu wa pwani hawakuwa waoga wa majaribio hata kidogo. Kule Lamu alikuwepo Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993, na studio yake ilikuwa ya maajabu. Alikata picha za watu akaziunganisha na vitu vingine, mpaka mtu akaonekana mahali ambapo mwili wa binadamu hauwezi kuwa. Seydou Keïta kule Bamako aliweka pikipiki, redio na saa za kuazima studioni kwake, mteja akachagua anataka kuwa nani leo. Ukienda Mji Mkongwe, Zanzibar, kuna Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na sura za watu waliovaa kwa ajili ya kamera zimejaa ukutani.

Tofauti niliyoiona ni moja, na inanichoma. Mteja wa Bakor aliingia mwenyewe mlangoni. Alijua anakwenda kufanyiwa nini, na alilipia. Ule mchezo ulikuwa wake, na mpiga picha alikuwa fundi tu. Bibi yangu hakuingia kwenye mchezo wowote. Alikwenda ndani akabadili nguo kwa ajili ya picha moja, na mimi nikampiga kwa ajili ya picha nyingine, bila kumwambia. Mimi niliyesomeshwa shuleni kwamba huwezi kumnukuu mtu bila yeye kujua kwamba anahojiwa!

Juni nilirudi Muheza na Zenit begani. Nilimwomba shangazi nimpige. Aliitazama kamera, akanitazama mimi, na nikajua anachokumbuka. Nikamwambia, "Shangazi, ya kwanza ni yako. Uvae utakavyo, ukae utakavyo, na itatoka wewe mzima." Akaingia ndani. Akatoka na kitenge kilekile cha bibi. Akaketi kwenye kiti kilekile, mgongo wima, mikono magotini. Nikapima mwanga mara mbili, nikasogea kivulini ili sura yake isipambane na ukuta mweupe nyuma, nikafungua lenzi hatua moja zaidi ya alivyotaka Mrusi, maana kipima mwanga hakijui kama kinatazama ukuta au shangazi yangu. Nikabonyeza. Nikapiga na ya akiba. Kisha nikatoa simu kwenye begi nikapiga pia, bila aibu yoyote.

Alipoona nimemaliza akalegea kwenye kiti, akavua viatu, akasema, "Haya, sasa piga zile za wazimu wako."

Nilipiga. Zimo kwenye mkanda uleule. Nyingine amefumba macho anacheka, nyingine ana mti mzima tumboni. Ile ya kwanza niliisafisha kwa kahawa na barafu kama kawaida, nikaichapisha kubwa, nikaitia fremu Kariakoo na kuisafirisha kwa basi. Iko ukutani sebuleni, Muheza. Zile nyingine shangazi aliziweka kabatini, na nasikia huwatolea wageni wachache anaowapenda.

Tangu hapo nina sheria moja tu. Yeyote anayekaa mbele ya kamera yangu, picha ya kwanza ni yake. Inayotoka hapo inarudi kwake, kwenye karatasi, si kwenye simu. Zinazofuata tunaweza kucheza, kama naye anataka kucheza. Inanigharimu fremu moja au mbili kila mkanda, na mmeshaona bei ya mkanda. Nalipa.

Ile picha ya bibi ndani ya majani bado ninayo, kwenye bahasha ya kaki. Waandaaji wa maonyesho fulani waliiomba mwaka jana, nikawaambia haitoki. Si kwamba ni mbaya. Ni nzuri, na nikiwa mkweli ni picha bora niliyowahi kupiga. Lakini mwenyewe aliiangalia akauliza yuko wapi, na sijapata jibu la kumpa.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, kama una bibi au babu, na una simu ya bei mbaya mfukoni yenye picha elfu sita za chakula, fanya hivi wikiendi hii. Mwambie avae anavyopenda. Mpige picha moja iliyonyooka, mwanga mzuri, uso mzima. Kisha nenda ukaichapishe, umpelekee mkononi mwake. Na kama nyumbani kuna zile negativu za zamani kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda, tafadhali usizitupe. Zishike kwenye mwanga kwanza uone nani yumo.

Mimi naondoka hapa kwenda feri kununua barafu. Nina mkanda wa kusafisha.